Kuwahi kwa Zimamoto

Katika nchi yetu yupo mtu mmoja ambaye bado hajakemewa ipasavyo. Mvivu tunamkemea. Mtoro tunamkata mshahara. Anayechelewesha kazi anaandikiwa barua na kutakiwa ajieleze. Lakini yule anayeiacha kazi ilale wiki tatu, kisha akaikurupukia usiku wa kuamkia siku ya mwisho na kuikabidhi asubuhi huku macho yamemwiva, huyo tunamwacha apite kifua mbele. Ukimgusa anakuuliza, "Kwani nimechelewa?" Na kwa kuwa kweli hajachelewa, tunanyamaza. Mimi nasema tumenyamaza vya kutosha.

Wanafunzi wetu walikwisha kumpa jina zamani. Husema fulani anasoma kwa zimamoto, yaani hagusi daftari mpaka mtihani ubishe hodi. Jina hilo limekaa vizuri, ila kuna jambo moja linasahauliwa. Askari wa zimamoto hukimbilia moto uliowashwa na mwingine. Huyu wetu moto kauwasha yeye mwenyewe, kaukalia akiota mvuke wake, na ulipofika kwenye paa ndipo alipopiga kelele majirani walete ndoo. Moto ukizimika, anataka apigiwe makofi.

Ndugu msomaji, hoja yangu ni fupi. Siku ya mwisho inapima kitu kimoja tu, nacho ni tarehe ya kukabidhi. Haiulizi kazi ilianza lini, haiulizi ilifanywa vipi, na kubwa zaidi, haiulizi ni nani aliyelipa gharama ya kuwahi huko. Mtu anayewahi kwa zimamoto aghalabu halipi kwa muda wake. Muda wake alikwisha kuutumia kwa mambo mengine. Analipa kwa muda wa mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo ni wa chini yake, asiyeweza kusema hapana.

Haya siyasemi kwa kusoma vitabuni. Kabla sijahamia huku Soga nilikuwa katibu muhtasi kwa miaka mingi katika ofisi moja ya Dar es Salaam, tangu enzi za mashine ya taipu, karatasi za kaboni na stensili. Kosa moja kwenye stensili ulilipaka dawa, ukasubiri ikauke, ukapiga tena juu yake. Makosa matatu ukaanza upya. Kazi ya namna hiyo ilitaka mtu atulie. Nilifanya kazi chini ya wakubwa kadhaa, wengi wao waungwana. Mmoja alikuwa bingwa wa zimamoto.

Barua ya kutaka taarifa ilikuwa ikifika mapema, nami ndiye niliyeipokea, nikaigonga mhuri na kuiweka mezani kwake. Ililala kwenye trei wiki ya kwanza. Wiki ya pili ilihamia kwenye mtoto wa meza. Wiki ya tatu haikusemwa kabisa, ila yeye mwenyewe alianza kuwa mkali bila sababu, akigomba kwa ajili ya chai iliyopoa na mlango uliofungwa kwa kishindo. Kisha siku ya mwisho, saa tisa alasiri, wakati sisi tunaanza kufunika mashine, anatoka na kurasa kumi na tano za mwandiko wa kukimbizana. "Dada, hii inatakiwa kesho asubuhi." Hakusema tafadhali, wala hakuhitaji kusema.

Nilibaki. Tarishi alibaki, maana ndiye wa kuipeleka. Mhasibu aliitwa kutoka kwake kwa sababu jedwali la matumizi halikuwa na jumla. Mlinzi aliambiwa asifunge geti. Basi la mwisho liliondoka bila sisi. Jirani yangu aliyekuwa akinishikia mtoto alilala naye, siku ya kwanza kwa moyo mkunjufu, siku ya nne kwa moyo mzito. Asubuhi taarifa ilifika mahali pake kabla ya saa mbili. Na katika mkutano wa mwisho wa mwaka mkubwa huyo alisifiwa mbele yetu kwamba ofisi yake haijawahi kuchelewesha taarifa hata moja. Tukapiga makofi, sisi tuliolipa.

Laiti gharama ingeishia kwenye usingizi wetu, nisingeandika. Mwaka mmoja ilitakiwa orodha ya watumishi waliostahili kupandishwa cheo. Ilikaa mezani muda wake wa kawaida, ikanijia usiku, nami niliipiga kama ilivyoandikwa kwa mkono. Jina la mlinzi wetu halikuwamo kwenye mwandiko. Hakuna aliyemwonea kijicho wala kumfanyia hila. Aliyeandika alikuwa akikimbia, akaliruka. Kama orodha ile ingebandikwa ubaoni siku mbili tu kabla ya kupelekwa, mlinzi mwenyewe angeliona pengo, au mwenzake angeliona. Lakini siku mbili hizo zilikuwa zimekwisha kuliwa. Orodha iliwahi. Mzee yule alisubiri mwaka mwingine mzima na mshahara uleule, huku akilifungua na kulifunga geti lilelile. Alipouliza aliambiwa muda umepita.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji atue kidogo. Watu hudhani kwamba anayefanya kwa siku moja kazi ya wiki tatu amefanya kazi ileile kwa kasi zaidi. La hasha! Amefanya kazi nyingine, ndogo zaidi, iliyokatwa kipande. Na kipande kinachokatwa ni kilekile siku zote: kuisoma tena, kumwonyesha mwenzako, kuilaza usiku mmoja na kuitazama kesho yake kwa macho mapya. Kwa nje taarifa mbili zinafanana, zote zina jalada na mhuri. Tofauti iko ndani, na atakayeigundua ni yule ambaye jina lake limerukwa.

Hapa Soga nimekuta watu wanaoelewa jambo hili bila kuhubiriwa, na nimekuta vilevile watu wa zimamoto wasiokuwa na ofisi wala taipu. Kata yetu iko wilayani Kibaha, jirani na Kisarawe, na kwa pande zote mbili muhogo ni chakula cha kutegemewa. Sasa muhogo una tabia ya uvumilivu. Ukikomaa unaweza kuuacha ardhini miezi kadhaa, ukachimbua shina moja leo na jingine wiki ijayo, nao haukulalamikii. Nadhani uvumilivu huo umetuharibu kidogo. Tumekuja kudhani kila kazi ni muhogo ulioko ardhini. Lakini hata muhogo wenyewe, ukishang'olewa, hauna subira tena. Baada ya siku mbili au tatu unaanza kuwa na michirizi myeusi ndani, na mnunuzi akiuvunja anautupa.

Mahindi hayana hata subira ya kwanza. Masika yetu ni Machi hadi Mei. Aliyefyeka na kulima mapema anapanda mvua za mwanzo zinapotulia. Mwenzake anayesema "bado ipo ipo" anaanza kufyeka wakati wenzake wanapalilia. Naye anapanda ndani ya msimu, huwezi kumwambia amechelewa kabisa! Lakini mahindi yake yanatoa mbelewele mvua zikiwa zinaaga, wakati ambao mmea unahitaji maji kuliko wakati wowote mwingine. Zaidi ya hayo, wiki aliyoamka yeye ndiyo wiki walioamka wote wa aina yake. Wanawagombania vibarua walewale, ujira unapanda, na jembe la jirani linaazimwa na kurudishwa limevunjika mpini. Mjane aliyekuwa ametenga fedha zake kidogo kwa ajili ya kibarua mmoja anakuta fedha hizo hazitoshi tena. Yeye hakuchelewa. Amelipa uchelewaji wa wengine.

Na kama shamba halitoshi kuwa mwalimu, reli ipo. Soga imekaa kando ya Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Katika miaka yetu hii imejengwa reli mpya ya kisasa, nayo imepewa stesheni hapa Soga. Treni zake zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Wakati wa ujenzi wengi wetu tulijifunza mambo ambayo hatukuwa tukiyafikiria. Mataruma ya reli hii ni ya zege, na madaraja yake ni ya zege, na zege ni kitu kisichopokea amri ya mkubwa. Likishamwagwa lazima likomae. Kwa desturi ya wahandisi, uimara wake hupimwa siku ya 28. Ukichelewa kulimwaga kwa wiki tatu, huwezi kuzirudisha wiki hizo kwa kukesha, hata ukesha na taa za umeme na vibarua mia. Unaweza tu kulipakia mzigo kabla halijakomaa, kisha ukaomba Mungu.

Nasema kazi nyingi za watu zina zege ndani yake. Barua ya kumpa mtu habari mbaya ina zege. Uamuzi wa kesi ya ardhi una zege. Mtihani anaoutunga mwalimu una zege: lazima aulaze, kisha aujibu mwenyewe, aone swali la nne lina majibu mawili sahihi. Anayeutunga usiku wa kuamkia mtihani atawahi, na watoto arobaini watakaa wakikodolea swali la nne.

Najua nitajibiwa kwa methali, kwa kuwa Mswahili hakosi methali ya kumtetea. Nitaambiwa kawia ufike. Nitaambiwa haraka haraka haina baraka. Naam, wahenga walinena hayo, lakini tuwasikilize vizuri. Kawia ufike ni nasaha kwa msafiri. Anayeambiwa akawie tayari yuko njiani, ana mzigo kichwani na vumbi miguuni. Anashauriwa asikimbie akajikwaa. Aliyekaa barazani na safari hajaianza, methali hiyo haimhusu. Na haraka isiyo na baraka ni ipi, kama si ile ya usiku wa mwisho? Mtu wa zimamoto ndiye mwenye haraka kuliko sisi sote, ila haraka yake ameiweka akiba. Wahenga wale wale walisema pia kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Hizo hazitaji.

Utetezi wa pili ni wa wasomi. Husema, "Mimi nafanya kazi vizuri zaidi nikiwa nimebanwa." Nimeusikia mara nyingi mno, na siku zote kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kujaribu namna nyingine, kwa hiyo hana cha kulinganisha. Bahati nzuri wapo waliolinganisha. Mwaka 1997 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Dianne Tice na Roy Baumeister, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa chuo kikuu waliopewa kazi ya kuandika na siku ya kuikabidhi. Mwanzoni mwa muhula wale wenye tabia ya kuahirisha walikuwa na raha kuliko wenzao, hawana wasiwasi, hata magonjwa yaliwapitia mbali. Muhula ulipokaribia kwisha mambo yaligeuka: wasiwasi wao ulizidi wa wenzao, wakaugua zaidi, na ukijumlisha muhula mzima wao ndio walioumia zaidi. Na alama zao zilikuwa chini. Basi kubanwa hakukuwapa ubora, kuliwapa homa.

Utetezi wa tatu una akili kidogo, nao nauheshimu. Mwaka 1955 Mwingereza mmoja, C. Northcote Parkinson, aliandika makala katika gazeti la The Economist akiwacheka maofisa wa serikali. Alisema kazi hutanuka mpaka ijaze muda wote uliotengwa, akatoa mfano wa bibi kizee asiye na shughuli anayemaliza siku nzima kwa kuandika kadi moja ya posta. Kwa hiyo, watasema, nikiipa kazi siku moja itakwisha kwa siku moja. Kwa nini niipe mwezi? Nakubali kwamba ziko kazi za namna hiyo, na ziko kamati zinazokaa vikao sita kwa neno moja. Lakini dawa ya kazi inayotanuka ni kuianza leo na kuimaliza leo, kisha ukaenda zako. Mtu wa zimamoto haimalizi leo. Anaitembeza mwezi mzima kichwani, inamharibia chakula na mazungumzo na watoto wake, halafu ndipo anaipa siku moja. Kwa hesabu ya Parkinson, yeye katumia mwezi wote na siku juu yake.

Lakini nisiwalaumu watu peke yao; wakubwa nao wana sehemu yao. Tukumbuke usajili wa laini za simu kwa alama za vidole. Ulianza tarehe 1 Mei 2019, na siku ya mwisho ilitajwa kuwa 31 Desemba 2019. Ilikuwa miezi minane. Tarehe 27 Desemba Rais John Magufuli, akiwa Chato, aliongeza siku 20, hadi 20 Januari 2020. Nyongeza ile ilikuwa ya haki kwa wengi, maana ili usajili laini ulihitaji namba ya kitambulisho cha taifa, na watu walikuwa wameomba mapema na bado hawajaipata. Lakini katika foleni zile ndefu waliokaa pamoja walikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ni wale walioanza mapema na kukwamishwa. Wa pili ni wale waliokuwa wakisema "wataongeza tu". Walipanga mstari mmoja, juani, na kwa sura huwezi kuwatofautisha. Tazama basi dhuluma ilivyo: mama aliyekuja kwa mara ya tano kufuatilia namba yake anasukumwa na kijana anayekuja kwa mara ya kwanza, naye kijana siku ile anatoka akijisifu kwamba utabiri wake ulikuwa sahihi. Kila tarehe inayosogezwa humfundisha kijana yule somo, na somo hulishika vizuri kuliko yote aliyofundishwa shuleni.

Nataka pia niweke mpaka ili nisieleweke vibaya. Simsemi mwanamke anayeanza kushona sare za wateja saa nne usiku kwa sababu mchana kutwa alikuwa kisimani, shambani na zahanati. Huyo hakuahirisha, amezidiwa. Simsemi mtu anayekaa kimya siku tatu akilipanga neno lake kabla ya kushika kalamu, kwa kuwa kupanga ni kazi. Kipimo ni rahisi na kila mtu anaweza kujipimia nyumbani: je, katika siku zile ulizokaa, kazi ilisogea hata hatua moja? Kama ilisogea, ulikuwa unakawia ufike. Kama haikusogea, ulikuwa unamkopa mtu bila kumwambia.

Nasema kukopa kwa makusudi. Tungemwona mtu anakopa fedha za mpiga chapa wake, za tarishi, za mke wake na za mlinzi wa geti, halafu anatoa sadaka kwa jina lake mwenyewe msikitini au kanisani, tungesema huyu ni mwizi. Anapokopa usiku wao tunasema ni mchapakazi. Usiku haurudishwi. Hakuna mkubwa aliyepata kuniita siku ya Jumatatu akaniambia, "Dada, chukua zile saa tano zako."

Kwa hiyo naomba tubadilishe maswali. Mkuu wa kazi anapopokea taarifa iliyowahi, asiulize tu imefika lini. Aulize ilianza lini, nani alibaki usiku kuimaliza, na nani aliisoma kabla ya kufungwa. Wanaopanga siku ya mwisho wapange na siku ya katikati, ambayo rasimu itaonyeshwa hata kama ni mbovu. Tarehe ikitangazwa isisogezwe kwa ajili ya waliolala, ila kwa ajili ya waliokwamishwa, na wajulikane ni akina nani. Orodha yoyote yenye majina ya watu ibandikwe ubaoni siku mbili kabla ya kuondoka. Hili la mwisho halihitaji bajeti wala semina; linahitaji pini nne.

Na wewe unayesoma, ambaye huenda umekwisha kuanza kukereka, usikasirike bado. Ile kazi iliyoko mezani kwako inatakiwa mwisho wa mwezi. Sikuulizi kama utawahi; najua utawahi. Nakuuliza ni nani utakayemwambia abaki siku hiyo, na kama umekwisha kumwuliza.